Changamoto ya Ndoo ya Barafu na Utafiti wa ALS: Maswali na Majibu

ALS ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa unaoua seli za neva za ubongo na uti wa mgongo, zile zinazoiamuru misuli ifanye kazi. Pengine mgonjwa huanza kwa kushindwa kufunga kifungo cha shati au kwa kujikwaa ovyo, kisha udhaifu huenea mpaka kusema, kumeza na hatimaye kupumua kukawa shida. Wengi hufariki ndani ya miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Kwa kuwa kila mwaka hugundulika takriban wagonjwa wapya 2 tu katika kila watu 100,000, kampuni za dawa husita kuwekeza fedha zao huko.

Maji ya barafu yalihusika vipi?

Mwaka 2014 nchini Marekani, Pete Frates, aliyewahi kuchezea timu ya besiboli ya Boston College, na Pat Quinn wa New York, wote wawili wakiwa wagonjwa wa ALS, waliushika mchezo uliokuwa tayari ukizunguka mitandaoni na kuuelekeza kwenye ugonjwa wao. Mtu alijimwagia ndoo ya maji ya barafu mbele ya kamera, kisha akawataja wenzake kwa majina ili nao wafanye hivyo ndani ya saa 24 au watoe mchango. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ilikuwa katika kule kutajwa jina hadharani, kwa sababu ombi la jumla ni rahisi kulipuuza. Si kila aliyelowa alitoa fedha, na waliosema ni kujionyesha tu walikuwa na hoja. Hata hivyo, Chama cha ALS cha Marekani kilipokea dola milioni 115 katika muda wa wiki 8 hivi.

Fedha hizo zilifanya nini?

Dola milioni 77 zilitengwa kwa utafiti, na zilizobaki zikagharimia zaidi huduma kwa wagonjwa na elimu kwa umma. Dola milioni 1 ilikwenda kwa Project MinE, mradi wa kimataifa unaosoma jeni za wagonjwa na kuzilinganisha na za watu wenye afya. Hitilafu inayopatikana kwa wagonjwa wachache tu haiwezi kutofautishwa na sadfa tu mpaka watu wengi sana wapimwe, na hospitali moja haiwezi kamwe kupata wagonjwa wa kutosha wa ugonjwa adimu. Mwaka 2016, watafiti zaidi ya 80 kutoka nchi 11 walitangaza kwamba hitilafu katika jeni iitwayo NEK1 huchangia takriban asilimia 3 ya visa vya ALS. Jeni hiyo husaidia, pamoja na mengine, kurekebisha DNA iliyoharibika, kwa hiyo watafiti walipata mahali mahususi pa kuchunguza.

Je, dawa imepatikana?

Dawa ya kuponya haijapatikana. Sehemu ya fedha za ndoo, dola milioni 2.2, ilisaidia majaribio ya AMX0035, unga unaokorogwa katika maji na kunywewa. Jaribio la wagonjwa 137 lilionyesha kwamba huenda unapunguza kasi ya ugonjwa, na mwaka 2022 Kanada na Marekani zikauidhinisha. Mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi, lenye wagonjwa 664, halikuonyesha tofauti kati ya unga huo na kiigizo cha dawa kisicho na tiba ndani yake, kinachotolewa kwa kulinganisha tu, na kampuni iliyoutengeneza ikauondoa sokoni. Siyahesabu hayo kuwa hasara tupu, kwa kuwa bila jaribio hilo wagonjwa wangeendelea kunywa kitu kisichowasaidia, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, inayodungwa katika maji ya uti wa mgongo, lakini inawahusu tu wenye hitilafu ya jeni ya SOD1, ambao ni kama asilimia 2 ya wagonjwa wote. Walio wengi bado hutegemea hasa riluzole, iliyoidhinishwa mwaka 1995, ambayo huwaongezea miezi michache ya kuishi.