Masikio ni ya nani? Filamu za kutisha na za kisayansi kwa mtu wa sauti

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu. Nakaa chumba chenye giza nikiwa na mazungumzo upande mmoja, muziki upande mwingine, na katikati mamia ya vijisauti: hatua, nguo, upepo, mlango, pumzi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama filamu fulani mpya inatisha kweli, siangalii kwanza zimwi limetengenezwaje. Najiuliza: haya tunayoyasikia, tunayasikia kwa masikio ya nani? Ya anayewindwa? Ya anayewinda? Au si ya yeyote, ni uamuzi tu wa fundi aliyetaka kutupigia kelele? Filamu za kutisha na za kisayansi zimepata miaka mizuri sana hivi karibuni, na karibu zote nilizozipenda zina jibu la wazi kwa swali hilo. Nitaeleza baadhi ya matukio waziwazi, hasa ya Nope na Sinners, kwa hiyo ambaye hajazitazama aamue mwenyewe kama aendelee.

Nianze na kishindo, maana ndicho kinacholalamikiwa kuliko chochote. Unajua kinavyoandaliwa. Muziki unanyamaza, mwigizaji anasogelea kabati, sekunde mbili tatu hakuna kitu, halafu paa! Sauti kubwa ya ghafla humshtua binadamu kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Kope hufumba na misuli ya shingo hukaza yenyewe. Ule ukimya wa kabla yake unakufanya usikilize kwa makini zaidi, na papo hapo unaongeza tofauti kati ya sauti ya chini na ya juu. Yeyote mwenye spika nzuri anaweza kukufanyia hivyo, tena mara ishirini kwa saa moja. Lakini kushtuka kunaisha papo hapo, na hofu ninayoitafuta mimi ni ile inayobaki nawe mpaka ukafika nyumbani.

Kuna utafiti unaonisaidia hapa. Mwaka 2010 Daniel Blumstein, mtaalamu wa tabia za wanyama, na wenzake walichambua sauti za filamu 102 na kukuta kwamba za kutisha zina kelele na mikwaruzo mingi, ya aina ambayo wanyama hutoa wanapobanwa na hatari. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake wakaonyesha kwamba yowe la binadamu lina mtetemo wa haraka, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, eneo ambalo mazungumzo ya kawaida hayaligusi, na kadiri mtetemo huo unavyokuwa mkali ndivyo msikilizaji anavyoogopa zaidi. Kwangu mimi maana yake ni kwamba kinachotutisha ni mkwaruzo uliomo ndani ya sauti, na mkwaruzo unaweza kuwekwa chini kabisa, karibu usisikike, ukakaa hapo dakika nzima.

Nope ya Jordan Peele (2022) inafanya hivyo hasa. Msanifu wake wa sauti, Johnnie Burn, alilipa lile dubwana la angani sauti ya upepo iliyochanganyika na mayowe ya watu waliomezwa. Ukisikiliza kijuujuu unadhani ni upepo wa bondeni. Sikio linakataa, linarudi, na polepole unang'amua kwamba ndani ya upepo ule mna watu. Kuna na jambo la pili ambalo nalipenda zaidi: dubwana likikaribia, umeme unakufa, na wimbo uliokuwa ukipigwa unapungua kasi na kuzama mpaka unazimika. Muziki wenyewe umekuwa king'ora. Mtazamaji anajifunza kanuni hiyo bila kuambiwa neno, na kuanzia hapo kila wimbo ndani ya filamu unamtia wasiwasi. Masikio ni ya anayewindwa, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wengi wataniambia basi A Quiet Place (2018) ndiyo mama wa mambo haya. Ni kweli kwa ile ya kwanza. Ethan Van der Ryn na Erik Aadahl walitupa masikio matatu tofauti: ya familia, ya viumbe wenye kusikia mno wanaowinda kwa sauti, na ya Regan, msichana kiziwi anayeigizwa na Millicent Simmonds, ambaye naye ni kiziwi. Kifaa chake cha kusikia kinapozimwa, sauti ya filamu inakatwa kabisa, haibaki hata pumzi ya chumba. Ukumbi mzima unaacha kutafuna. A Quiet Place: Day One (2024) ya Michael Sarnoski imepoteza sikio lile, na nimelikosa. Inaanza vizuri kwa kutuambia kwamba jiji la New York lina kelele za wastani wa desibeli 90, sawa na yowe lisilokoma, lakini baadaye inarudi kwenye vishindo vya kawaida mara nyingi kuliko nilivyotamani. Kinachoiokoa ni Lupita Nyong'o na tukio moja la mvua: watu wawili wanasubiri radi ipige, na radi inapopiga wanapiga mayowe chini yake, wakijua hakuna atakayewasikia. Radi imekuwa kibanda cha kujifichia. Tukio hilo peke yake ningelitumia kumfundisha mwanafunzi.

Sasa Sinners. Hapa nitakaa kidogo, maana sijasikia filamu nyingine ya miaka hii inayojua namna hii sauti ni ya nani. Ryan Coogler ameiweka Mississippi mwaka 1932: ndugu mapacha, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa dansi kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha mbao. Kijana Sammie anaimba na gitaa lake. Katikati ya wimbo nyakati zinavunjika: wapiga ngoma wa Afrika Magharibi wanaingia, gitaa la umeme linaingia, wachezesha santuri wa hip-hop wanaingia, wachezaji wa Kichina wanaingia, wote sakafu moja. Ludwig Göransson, mtunzi wa muziki wake, alikuwa na kazi ngumu ambayo wasiofanya kazi hii huenda hawaioni. Ukiweka ala zote hizo pamoja bila mpango unapata uji wa sauti. Kila ala inahitaji nafasi yake ya juu au ya chini, na kila moja lazima iingie pale kamera inapoikuta, kisha iondoke bila kuacha pengo. Wimbo wa Sammie unabaki uti wa mgongo muda wote.

Halafu nje, gizani, kuna anayesikiliza. Remmick, mnyonya damu kutoka Ireland, amevutwa na muziki ule. Anautaka kwa sababu anaamini utamrudishia watu wake aliowapoteza. Kwa hiyo tukio lile tumelisikia mara mbili kwa wakati mmoja: kwa masikio ya walio ndani, ambao ni furaha tupu, na kwa masikio ya aliye nje mwenye njaa. Baadaye yeye na wafuasi wake wanapoimba na kucheza nje ya ukumbi, wimbo wao ni mzuri, na uzuri huo ndio unaotisha. Wanaimba kwa umoja kamili, kwa sababu wanashiriki kumbukumbu moja. Mwongozaji mwingine angewapa mingurumo.

Nosferatu ya Robert Eggers (2024) imefika kwa njia nyingine, ya koo. Bill Skarsgård alifanya mazoezi na mwimbaji wa opera ili kushusha sauti yake, na unaposikia pumzi za Orlok, mnyonya damu anayemwigiza, zikikwama kati ya neno na neno, unajua kuna mwili halisi unaotaabika. Nakubali kwamba filamu ni nzito na kuna sehemu inajikokota. Sauti ile hata hivyo haina mpinzani. Ilinganishe na Alien: Romulus (2024) ya Fede Álvarez, filamu iliyojaa vikaragosi na mashine halisi zinazosogea na kutoa udenda, nikaipenda kwa hilo, mpaka ulipofika uso wa Ian Holm, mwigizaji wa Alien ya kwanza, aliyefariki mwaka 2020. Familia iliridhia, na mwigizaji Daniel Betts ndiye aliyefanya kazi ya msingi kabla sura na sauti havijabadilishwa kwa akili unde. Sina ugomvi na ridhaa hiyo. Ninachosema ni kwamba sikio linatambua sauti isiyo na mapafu nyuma yake, na katika filamu inayotegemea miili kiasi kile, lilikuwa kosa.

Danny Boyle kwenye 28 Years Later (2025) alipigiwa kelele nyingi kwa kutumia simu za iPhone kupiga picha. Mimi nilivutwa na uamuzi wa sauti: rekodi ya mwaka 1915 ya Taylor Holmes akighani shairi la Kipling kuhusu askari wanaotembea, hatua baada ya hatua, mpaka akili inapasuka. Sauti yake inaanza shwari na kuishia kwenye wazimu, na imezidi umri wa kila mtu aliyeshiriki kwenye filamu. Haikuhitaji kuongezwa chochote. Muziki wa kundi la Young Fathers umefuata ukali huohuo. Kwa mwendelezo wake, The Bone Temple wa Nia DaCosta uliotoka Januari 2026, muziki umekabidhiwa Hildur Guðnadóttir, aliyewahi kuingia na maikrofoni ndani ya kituo cha nyuklia nchini Lithuania kutafuta sauti za mfululizo wa televisheni wa Chernobyl. Mtu wa namna hiyo ana nafasi katika filamu za kutisha kwa miaka mingi ijayo.

Weapons ya Zach Cregger (2025) naitaja kwa ufupi tu: kuwapa simulizi la watoto 17 waliotoweka usiku saa 8:17 msimulizi mtoto kulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa tunasikia habari kama mtaa unavyozisikia, kwa uvumi. Predator: Badlands (2025) ya Dan Trachtenberg imenigawa. Mwaka 1987, kwenye Predator ya kwanza, Peter Cullen alimtolea mwindaji yule wa kutoka angani sauti ya kugonga-gonga kooni ambayo mpaka leo inasimamisha nywele. Sasa mwindaji amekuwa shujaa, ana lugha kamili na tunasoma maneno yake chini ya picha. Hofu imeondoka. Badala yake nimepata kusikiliza fedheha na hasira ndani ya sauti ambayo zamani ilikuwa ya mnyama tu, na nadhani biashara hiyo imelipa.

Neno kidogo kuhusu kutazama nyumbani, kwa sababu malalamiko ya "siwasikii wanachosema" hunifikia kila mara. Kwenye ukumbi uliopimwa vizuri, kila spika kuu huwekwa kwenye kiwango cha desibeli 85, na fundi huchanganya akijua hata mnong'ono utafika. Netflix wao wanataka mazungumzo yawe wastani wa LUFS -27 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), jambo ambalo linaacha nafasi kubwa juu yake kwa milipuko. Ukichukua nafasi hiyo yote na kuipitisha kwenye spika nyembamba za televisheni zinazotazama ukuta, mazungumzo yanazama. Tumia vipokea sauti vya kichwani, hata vya kawaida. Filamu ya kutisha hasa inadai hivyo, maana nusu ya kazi yetu iko kwenye sauti ndogo.

Zinazokuja mwaka huu wa 2026 ni nyingi. Resident Evil ya Cregger imepangiwa Septemba, na nina imani naye kuliko niliyo nayo na jina hilo. Werwulf ya Eggers, inayohusu Uingereza ya karne ya 13, imewekwa tarehe 25 Desemba. Baada ya koo la Orlok nataka kusikia atafanya nini na mtu anayegeuka mbwamwitu, kwa sababu mlio wa mbwamwitu umechoshwa sana na sinema. Dune: Part Three inatoka tarehe 18 Desemba. Sehemu mbili za kwanza zote zilishinda Oscar ya sauti, na zilistahili: kwa ile ya kwanza mafundi walifukia maikrofoni mchangani jangwani ili wasikie mchanga unavyosikika kutoka ndani. Hayo ni masikio ya mnyoo, lile jitu linaloishi chini ya mchanga wa Dune. Natumaini mwongozaji wake, Denis Villeneuve, hatayasahau sasa hadithi inapohamia zaidi kwenye majumba na njama za watawala.

Ninayoingojea kuliko zote ni Project Hail Mary ya Phil Lord na Christopher Miller, tarehe 20 Machi. Katika riwaya ya Andy Weir ya mwaka 2021, mwanasayansi aliye peke yake angani anakutana na Rocky, kiumbe asiye na macho anayezungumza kwa noti za muziki, noti kadhaa kwa pamoja, na anayeujua ulimwengu kwa kusikia tu. Kwangu mimi haijapata kutokea nafasi kama hii. Kuta, mikono, uso wa rafiki yake, vyote kwa Rocky ni sauti. Waongozaji wanaweza kubaki na masikio ya Ryan Gosling, anayemwigiza mwanasayansi huyo, muda wote, wakaacha tarakilishi itafsiri noti ziwe maneno, na filamu ikapendeza. Au wanaweza, japo kwa dakika chache, kutuzimia picha na kutuacha ndani ya kichwa cha Rocky, tukipime chombo kile cha angani kwa mwangwi wake, tumtafute mtu kwa mapigo ya moyo wake. Nitanunua tiketi ya siti ya katikati, theluthi mbili kutoka mbele, ambako spika zote zinakutana, nione wamechagua lipi.