Programu haijui bati lako

"Kaka, mimi nimeshachora 3D, si unabonyeza tu flati inatoka?" Flati ni mchoro wa bati likiwa bapa, kabla ya kukunjwa. Nimeambiwa tena hii juzi, sasa naandika ili siku nyingine nitume linki tu.

Iko hivi. Programu ya kuchorea haikunjui chuma, inapiga hesabu ya urefu wa mstari mmoja ulio ndani ya unene wa bati, ule ambao ukikunja hauvutiki wala haubanwi. Huo mstari uko wapi, haijui. Inasoma K-fakta uliyoiwekea, yaani namba inayosema mstari huo uko wapi ndani ya unene (0.5 ni katikati kabisa), na usipoiwekea inatumia ya kwake, kwenye programu ya Inventor ni 0.44, halafu wewe ukiona mchoro umetoka safi unadhani umehakikiwa.

Chukua drumu la kipenyo cha nje milimita 600, bati la milimita 3. Watu wanazidisha 600 kwa pai, wanapata 1885, wanakata, wakishalirola drumu linatoka 603 wanaanza kumlaumu fundi. Ni 597 mara pai, yaani 1875.5. Milimita 9 na nusu zimeenda hivihivi! Na kinachonichosha zaidi ni kwamba hao hao ndio wanabishana masaa eti K iwe 0.44 au 0.5, wakati kwenye drumu hilo tofauti ya hizo mbili ni kama milimita 1.1 tu. Radiasi kubwa weka 0.5, maliza. K inauma kwenye kona kali, mfano boksi la bati hilo hilo lenye mikunjo minane ya nyuzi 90 mfululizo, kosa la 0.06 kwenye K linakula milimita 0.28 kila mkunjo, ukifika mwisho umepoteza zaidi ya milimita 2 na kifuniko hakikai.

Utaipataje K? Kata kipande cha bati lile lile, kikunje kwa dai (kibao cha kukunjia) ile ile, pima, rudi na hesabu nyuma. Na hata hapo tusidanganyane, likija bati la oda nyingine, unene ule ule kwenye karatasi, namba inahama. Majedwali ya K ya vitabuni mimi nayachukulia kama utabiri wa mvua.

Silinda iliyofunga haikunjuki, acha ufa kwenye modeli hata wa nusu milimita. Koni ni kipande cha duara, pembe yake ni 360 mara radiasi ya mdomo gawanya kwa urefu wa ubavu, basi.

Sasa kuna wale wa kuba. Programu ikigoma kuilaza bapa wanasema ina bagi. Haina bagi bwana, mwanahisabati Gauss alishathibitisha 1827 kwamba tufe halilaziki bapa bila kuvutwa au kupasuliwa. Kata vipande uchomelee, au peleka kwenye presi.

Faneli ya mraba kwenda duara ndio inanipa mashaka hadi leo, maana programu inakuuliza kona uigawe mikunjo mingapi, ukiweka mingi inapendeza kwenye skrini lakini kila mmoja kuna mtu anaupiga kwa mkono. Hakuna namba takatifu, mimi naangalia kwanza nani yuko kwenye mashine siku hiyo.

Halafu rola ya kawaida ya mitungi mitatu, ile inayoviringisha bati, inaacha ncha zote mbili zimenyooka. Hiyo programu haikuchorei kabisa, kwa hiyo ukinipa 1875.5 kamili na ncha hazijakunjwa kabla, ntakuuliza nyongeza ya kukata hizo ncha zilizonyooka iko wapi, na usinijibu eti haikuwemo kwenye DXF, yaani faili la mchoro ulilonitumia.