Kwa nini serikali ya kiimla riwayani huhangaika na daftari la mtu mmoja?

Je, wajua kilichomponza Winston Smith, mhusika mkuu wa 1984, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949? Hakushika bunduki wala hakuhutubia mkutano. Alinunua daftari. Alilipata kwa dola mbili na nusu katika duka la vikorokoro kwenye mtaa wa makabwela mjini London, karatasi zake laini, zimeanza kugeuka manjano kwa ukongwe. Akalitia mkobani, akafika nalo nyumbani, akajibanza kwenye kipembe ambacho jicho la runinga halikifikii, akachovya kalamu kwenye wino na kuandika tarehe: 4 Aprili 1984.

Serikali inayomtawala ina jeshi, ina helikopta za kuchungulia madirisha ya watu, ina Polisi wa Fikra, na nyumbani kwake kuna runinga inayomtazama huku yeye akiitazama. Sasa daftari la mtu mmoja laitia hofu gani? Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali hilo hapa Lamu, tumekaa barazani Langoni baada ya Alasiri, kisha akalitia makali: "Mwalimu, kwani si angeyaweka tu kichwani? Nani angemjua?"

Nianze na jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Katika nchi ile kuandika shajara si kosa la kisheria, kwa sababu sheria zenyewe hazipo tena. Hakuna kilichoharamishwa. Ila ukikamatwa ni kifo, au ukibahatika, miaka 25 ya kazi ya sulubu kambini. Mimi naona hapo ndipo Orwell alipowazidi wengi walioandika juu ya udikteta. Sheria mbaya angalau ina mpaka; mtu huusoma, akajua wapi akanyage na wapi aruke. Pasipo sheria, mtu hujitungia makatazo mwenyewe, na huyatunga mengi kuliko polisi yeyote angeweza kuyafikiria. Winston anafikia hatua ya kuupanga uso wake kabla ya kuigeukia runinga, maana hata kukunja kipaji mahali pasipotakiwa kuna jina lake na adhabu yake.

Wazo la kumwangalia raia saa zote halikuanza na Orwell. Yevgeny Zamyatin, injinia wa meli kutoka Urusi, aliyepelekwa Uingereza mwaka 1916 kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu, aliandika riwaya yake Sisi mwaka 1920 na 1921. Wakoministi wakaikatalia. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, na nchini kwake haikuchapishwa hadi 1988. Orwell aliisoma na kuiandikia mapitio mwaka 1946. Humo watu wana namba badala ya majina na wanaishi katika majumba ya vioo. Mapazia hushushwa kwa saa maalumu tu, tena kwa tikiti.

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa sana kitisho cha nyumba ya kioo, kwa kuwa nyumba zetu za mawe zimejengwa kinyume chake. Ukuta wa upande wa mtaani hauna dirisha la kuchungulika. Mgeni asiye wa ndani huishia dakani, kibarazani pa mlango, na njia ya kuingilia imepindwa ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani. Sisemi kwamba kila aliyeishi nyuma ya kuta hizo alikuwa huru. Wamo waliotumikishwa humo kama watumwa, na sitiri ya bwana haikuwa sitiri yao. Lakini waliojenga walijua jambo moja, kwamba mtu asiye na pa kujificha hana pa kufikiri.

Hata hivyo kuangaliwa ni mlango tu. Kiini cha riwaya ya Orwell kimo katika kazi anayoifanya Winston kutwa nzima. Ameajiriwa Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani. Kiongozi akitabiri jambo lisitokee, utabiri hubadilishwa ndani ya gazeti la siku ile, nakala mpya ikawekwa mahali pa ile ya awali, na ya awali ikatumbukizwa katika tundu la ukutani linaloelekea tanuruni. Mfano unaokaa rohoni ni wa chokoleti. Mgawo ulikuwa gramu 30 kwa wiki. Ukatangazwa kupunguzwa hadi 20. Haikupita hata siku mbili, runinga ikaeleza kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi mkuu wa nchi ile, kwa kuupandisha mgawo hadi gramu 20. Winston anawatazama wenzake mkahawani wakimeza habari hiyo pamoja na supu, anajiuliza kama ni yeye peke yake anayekumbuka jana.

Hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Serikali ya namna hii haitosheki na utii. Utii hata wafalme wa kale waliupata, kwa mjeledi. Hii inataka raia asiwe na cha kulinganisha. Mwenye kujua kwamba zamani mgawo ulikuwa 30 ataona amepunjwa. Asiyejua ataona amezidishiwa. Njaa ni ileile, ila mmoja atalalamika na mwingine atapiga makofi. Daftari, hata kama ndani yake mna malalamiko ya mtu mwenye kidonda mguuni na mwandiko mbovu, ni mahali ambapo jana imeandikwa kwa mkono usio wa Wizara.

Na kwa nini asiyaweke kichwani? Kwa sababu kichwa cha mtu mmoja hakitoshi. Winston mwenyewe hana hakika kama mwaka huo ni 1984, tarehe ameibahatisha. Baadaye katika riwaya anaingia kwenye kilabu cha pombe kumtafuta mzee aliyeishi kabla ya mapinduzi, akimnunulia kinywaji na kumuuliza: maisha yalikuwa bora au mabaya zaidi? Mzee anakumbuka kofia ndefu za mabwana, anakumbuka ugomvi mmoja wa usiku, analalamika kwamba nusu lita haimtoshi na lita nzima humzidi. Jibu la swali aliloulizwa hana. Si kwamba amepoteza akili. Amekosa wa kumkatiza. Hapa barazani mzee akisema jambo la miaka ya sitini, wa pembeni yake humrukia, "Siyo, siyo, ilikuwa kabla ya hapo, jahazi lilikuwa la fulani," na wa tatu akawasuta wote wawili. Kelele hizo ndizo zinazohifadhi mambo. Ukiwafanya watu waogopane, kila mmoja hubaki na vipande vyake, na vipande huoza.

Katika duka lilelile Winston alirudi siku nyingine akanunua kioo kizito cha mviringo chenye kipande cha tumbawe ndani yake. Muuzaji akamwambia huenda kimetoka Bahari ya Hindi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu: kitu tunachokichimba Maweni kule Manda, tukakijengea hadi vyoo, kwa Winston ni johari! Lakini namwelewa. Anakipenda kwa kuwa hakina kazi yoyote, na kwa kuwa Chama, kile kinachoitawala nchi, kilisahau kukigeuza kiseme uongo. Siku ya kukamatwa kwake polisi wanakivunja kwenye jiwe la mekoni, naye anashangaa jinsi tumbawe lenyewe lilivyokuwa dogo. Muuza duka aliyemuuzia daftari na kioo alikuwa Polisi wa Fikra tangu mwanzo.

Ukisoma hapo utaanza kushuku kwamba kichwa cha makala hii kinadanganya, na kwa kiasi fulani ni kweli. Winston alikuwa na ujanja wake: kila akimaliza kuandika alibandika chembe ya vumbi jeupe kwenye pembe ya jalada, likiguswa ajue. Chembe ile haikuwahi kupotea. Akiwa mikononi mwa watesi wake ndipo anapofahamu kwamba wamemfuatilia miaka saba, daftari wameshalisoma, na vumbi wamelirudisha palepale kwa uangalifu. Wangeweza kumkamata siku ya kwanza. Walimwacha aandike. Hawakuogopa kwamba karatasi zitasomwa na watu. Walichokuwa wakikifuata ni yule mtu anayejitokeza mtu anapoandika, anayesema "mimi nimeona". Ndiyo maana hawaharakishi kumuua. O'Brien, afisa anayemtesa, anamweleza kwamba watawala wa zamani walikosea kwa kuwaua wapinzani wakiwa bado wapinzani, wakawageuza mashahidi waliofia imani yao. Wao kwanza humgeuza mtu, akawapenda, kisha ndipo humpiga risasi. Zamyatin alilimaliza jambo hilo kwa kisu cha daktari: msimulizi wake, ambaye naye alikuwa akiandika kumbukumbu, anafanyiwa upasuaji wa kuondolewa uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwapo, na kurasa za mwisho anaziandika akiwa ametulia kabisa.

Mwanafunzi wangu alinikumbusha Fumo Liyongo, na hakukosea. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, Liyongo yumo gerezani Pate, amefungwa pingu, na bado ana njia ya kutoka. Anamwimbia kijakazi Saada wimbo wa mafumbo ampelekee mama yake, mama anaoka mkate wa wishwa na kutia ndani yake tupa ya kukerezea chuma, walinzi wanakula ile mikate mizuri na kumtupia mfungwa ule mbaya. Gereza lile lilikuwa na ukuta mnene, lakini nje ya ukuta palikuwa na mama na kijakazi wa kuaminika. Kilichomuua Liyongo ni mwanawe mwenyewe, aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni. Tofauti na riwaya ya Orwell ni kwamba mtoto yule ilibidi anunuliwe. Aliahidiwa binti wa sultani. Jirani yake Winston, bwana Parsons, anashtakiwa na bintiye wa miaka saba aliyemsikia akimsema vibaya Kaka Mkubwa usingizini. Binti hakupewa kitu. Amelelewa hivyo. Na baba, akiwa selo, anajivunia malezi yake!

Haya si mambo ya kubuni tu, wala si ya Ulaya peke yake. Mwandishi Gakaara wa Wanjaũ alikamatwa mwaka 1952 kwa maandishi yake, na miongoni mwa kambi alizozuiliwa wakati wa Mau Mau ni Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya maji tu kutoka hapa. Watalii huenda Takwa maji yakijaa kuona magofu ya msikiti na kaburi la mnara. Wachache huambiwa habari za kizuizini. Akiwa mfungwa aliandika shajara kwa siri, ikasalimika, ikawa kitabu mwaka 1983. Kikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika mwaka uliofuata, 1984, mwaka uleule ambao Ngome ya Lamu iliacha kuwa gereza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa karatasi yenye swali "Kenya: Twendapi?", alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti. Mkoloni aliondoka, karatasi za siri ziliendelea kuhitajika. Katama Mkangi, mwana wa pwani hii, aliwekwa kizuizini 1986 hadi 1988 bila kufikishwa mahakamani, na baadaye akaandika Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anajikuta katika nchi ya usawa.

Kisa cha kuchekesha zaidi, ukiweza kucheka, anakisimulia Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake Matigari ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Mapema 1987 zikafika serikalini habari kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anazunguka vijijini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakaja kugundua kwamba anayetafutwa ni mhusika wa kitabu, basi wakakikamata kitabu: Februari 1987 nakala zikakusanywa madukani.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na Orwell. Dola yake imeziba kila tundu. Hakuna Saada, hakuna karatasi ya chooni, hakuna afisa mzembe anayetafuta mtu asiyekuwapo. Za kweli huvuja, kwa kuwa zinaendeshwa na watu wanaochoka na wanaosinzia. Inawezekana yeye mwenyewe alilijua hilo. Mwishoni mwa 1984, baada ya Winston kuvunjwa kabisa, kuna kiambatisho kinachoeleza lugha mpya ya Chama, ile iliyopunguzwa maneno ili uasi usipate pa kutamkiwa, na kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, tena kwa wakati uliopita, kama anayeeleza jambo lililokwisha. Wapo wasemao huo ni mtindo tu wa kuandika. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, husema ni dalili kwamba Chama kilianguka, na katika riwaya yake ya 1985, The Handmaid's Tale, kuhusu wanawake waliopokonywa majina na haki ya kusoma, naye akaweka mwishoni mkutano wa wasomi wa mwaka 2195 wanaojadili kanda alizoziacha msimulizi, bila kufaulu kujua alikuwa nani. Mimi niko upande wa Atwood. Mwanafunzi wangu hayuko. Anasema kiambatisho hakimsaidii Winston kitu, na kwamba nimlete mtu mmoja ndani ya kitabu aliyeokoka. Bado namtafuta.