Kukropu video bila kupoteza ubora: kinachowezekana na kisichowezekana

Kwenye vibanda vya kuedit video za harusi na sendoff hapa Mwanza, ombi ni lilelile kila siku: "Nikropie hii iwe ya wima, ila kwaliti isishuke." Kukropu ni kukata kingo za picha ibaki sehemu unayoitaka. Kwa video iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa uzito wa faili, na karibu kila video iliyomo kwenye simu yako imebanwa, ombi hilo likichukuliwa neno kwa neno halitekelezeki. Fundi mzuri anachoweza kufanya ni kupoteza kidogo mno, kiasi kwamba jicho halioni.

Tuanze na kubana kwenyewe. Video ya 1920 kwa 1080 yenye fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, isipobanwa, inakula kama megabaiti 78 kila sekunde. Dakika moja ni gigabaiti 4.7 hivi, simu ingejaa kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Ndiyo maana tuna kodeki, yaani mbinu za kubana na kufungua video. Iliyozoeleka zaidi, H.264 ya mwaka 2003, inaigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, kisha badala ya kuhifadhi kila mraba inaandika maelekezo: huu unafanana na jirani yake, ule umetoka kwenye fremu iliyopita ukasogea kulia pikseli tano. Tofauti inayobaki hugeuzwa kuwa namba, namba hizo hukadiriwa, na zile ndogo sana huwa sifuri. Ubora unapotelea hapo kwenye kukadiria, na kilichogeuzwa sifuri hakirudi kwa programu yoyote ile.

Sasa chukua klipu iliyopigwa kwa mlalo ufukweni, upande wa Jiwe la Bismarck. Mtumbwi unaingia kutokea kushoto, unakatiza mbele ya jiwe, unapotelea kulia. Wewe unataka sehemu ya katikati tu, 608 kwa 1080, uiweke status. Mtumbwi unapofika katikati, data yake haina picha ya mtumbwi. Ina maelekezo ya kwenda kuchukua miraba ya kule kushoto kwenye fremu iliyopita na kuileta hapa. Lakini kushoto ndiko ulikokata. Maelekezo yanabaki hayana pa kuchota. Kwa hiyo programu inalazimika kuifungua kila fremu iwe picha kamili, ikate, halafu ibane kila kitu upya. Huko ndiko kuenkodi upya, na kubana upya maana yake ni kukadiria upya, juu ya makadirio ya mara ya kwanza.

Wapo wanaoamini ukikata sawasawa kwenye mipaka ya miraba hutapoteza kitu. Katika mfano wetu 608 ni miraba 38 kamili, na ukianzia pikseli ya 656 kutoka kushoto umeangukia mpakani kabisa. Bado haisaidii, kwa sababu miraba inategemeana kuvuka mpaka huo.

Maji ya ziwa, kwa bahati mbaya, ni mtihani mkali kuliko uso wa mtu. Viwimbi vinavyometa jioni havifanani kutoka fremu moja hadi nyingine, hivyo enkoda, yaani programu inayobana, haina cha kukopi. Ikibanwa kizembe mara ya pili, anga na mawe vinabaki safi huku maji yakivunjika kuwa madoa ya mraba. Taa za wavuvi wa dagaa usiku ni hivyohivyo: giza la kamera ya simu limejaa chenga, na chenga hazina mpangilio. Ukitaka kujua kama kazi imeharibika, usiangalie mtumbwi. Angalia maji.

Kukata muda ni habari nyingine kabisa, na watu wengi huchanganya. Ukitaka kuondoa sekunde za mwanzo, huna haja ya kuenkodi. Data inanakiliwa ilivyo na ubora haupungui hata chembe. Sharti ni moja: klipu ianzie kwenye fremu kamili, ile isiyotegemea nyingine. Kwenye faili zilizotengenezwa kwa x264, enkoda ya H.264, bila kubadilisha mipangilio, fremu hizo zinaweza kupishana hadi 250, yaani sekunde 10 kwa video ya fremu 25. Ndiyo maana klipu uliyoikata kwa haraka wakati mwingine inaanzia nyuma ya ulipotaka.

Kuna ujanja wa kukropu bila kugusa data. H.264 ina sehemu ya kumwambia mchezeshaji video asionyeshe kingo fulani. Video za 1080 zenyewe hutumia njia hiyo: 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo ndani ya faili kuna mistari 1088 na minane inafichwa. Kwa FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za kuandika, unaandika hivi:

ffmpeg -i asili.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=crop_left=656:crop_right=656 wima.mp4

Inamaliza kufumba na kufumbua. Lakini mimi siipendi kwa kazi ya mteja. Faili halipungui uzito, si kila programu inatii maelekezo hayo, na kubwa zaidi, ulichoficha bado kimo. Kama pembeni kulikuwa na sura ya mtoto au namba ya simu kwenye bango, mwenye kujua atazifunua.

Kwa hiyo enkodi, lakini mara moja tu na kutoka kwenye faili asili:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf crop=608:1080:656:0 -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a copy wima.mp4

Hiyo CRF ndiyo roho ya kazi. Badala ya kulazimisha faili liwe na MB kadhaa, unaiambia enkoda ishike kiwango fulani cha ubora na itumie data kadiri picha inavyodai. Kwenye maji itatumia nyingi, kwenye anga kidogo. Isipoelekezwa, x264 hutumia 23. Ukiweka 18, macho ya watu wengi hayatofautishi na asili. Sifuri haipotezi kitu kipya, lakini faili linavimba na simu na TV nyingi zinakataa kulicheza. Sauti inakopiwa tu, kwa kuwa kukropu hakuihusu. Na vipimo viwe namba shufwa, kwani rangi kwenye video hizi huhifadhiwa kwa nusu ya vipimo vya picha.

Usishangae faili jipya likiwa zito kuliko la zamani ingawa umepunguza picha. Hutokea hasa ukiletewa klipu iliyokwisha kupita kwenye magrupu ya WhatsApp: enkoda inajitahidi kutunza kila doa kana kwamba ni picha halisi. Mwambie mteja amtafute aliyepiga, atumiwe klipu asili kama dokumenti badala ya video, maana hapo haibanwi. Dakika tano za kumtafuta huyo mtu zinashinda mpangilio wowote utakaobonyeza.

Halafu kuna hesabu ambayo enkoda haiwezi kukuokoa nayo. Pikseli 608 zikitandazwa kwenye video ya wima yenye upana wa 1080, picha inavutwa karibu mara mbili na inafifia hata kama hukupoteza kitu kwenye kubana. Kama unajua tangu mwanzo kwamba klipu itahitajika kwa mlalo na kwa wima, piga kwa 4K, 3840 kwa 2160. Ukiikropu wima unapata 1216 kwa 2160, unaishusha hadi 1080 kwa 1920, na kule kushusha kunameza sehemu ya madoa ya mbano wa kwanza.