Kobayi si mtoto wa panya: dhana potofu na ukweli kuhusu enameli ya meno

Dhana: Kobayi ni panya asiye na mkia.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, jikoni kwa watu wengi kobayi, yaani simbilisi, wanazunguka chini ya meza wakisubiri majani, na mtoto akiuliza ni mnyama gani anajibiwa: panya. Wote ni wagugunaji, hilo kweli. Lakini lichukue jino la mbele, ulikate, uling'arishe, ulipake asidi kidogo, kisha uliweke chini ya hadubini ya elektroni. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imejengwa kwa vijiti vya madini, kila kimoja unene wa mikroni (elfu za milimita) chache tu, vilivyojipanga mikanda kwa mikanda: mmoja unaelekea huku, unaofuata unaukatiza. Kwa panya, kila mkanda una safu moja ya vijiti. Kwa kobayi, safu kadhaa. Na kobayi anafanana na nani? Na nungu na ndezi, wanyama wa porini kwetu.

Dhana: Kobayi ni wa Amerika Kusini, Afrika haimhusu.

Alifugwa kwanza huko kwenye milima ya Andes, sawa. Ila mababu zake walifika bara lile miaka zaidi ya milioni 40 iliyopita, wakati Atlantiki ilikwisha kuyatenga mabara. Wataalamu wengi wanaona walivushwa na mikondo ya bahari juu ya miti iliyong'oka. Enameli ni mojawapo ya hoja zilizoelekeza macho Afrika, na jeni zikaja kusema hivyohivyo.

Dhana: Rangi ya jino inatosha kujua undugu.

Haitoshi. Meno ya panya ni ya machungwa kwa sababu ya chuma, ya kobayi meupe. Ndezi, ndugu wa kobayi, anayo ya machungwa.

Dhana: Enameli haidanganyi.

Inadanganya, tena vizuri. Mikanda ile huzuia ufa usilipasue jino, kwa hiyo kazi nzito huleta mpango uleule kwa wasio ndugu. Fisi, mvunja mifupa, mikanda yake imejipinda zigizaga. Na mbwa fulani wa Amerika Kaskazini waliotoweka, nao wavunja mifupa, walikuwa nayo vilevile. Anayesoma jino moja bila kuangalia fuvu atawaita ukoo mmoja.

Dhana: Bila DNA, kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale) hakisemi undugu.

Enameli ni madini kwa asilimia 96 hivi, ndiyo maana hudumu. Mwaka 2019 watafiti walisoma protini katika enameli ya kifaru aliyetoweka, aliyepatikana Dmanisi, Georgia, mwenye umri wa miaka milioni 1.77, wakampatia nafasi yake katika ukoo wa vifaru. DNA yake ilikuwa haipatikani tena.