Beki Aliyekaa kwa Miguu Yake: Miaka 20 ya Nicklas Lidström Juu ya Barafu

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa wanamichezo, na chumba changu kipo Magomeni, ghorofa ya pili, mahali ambapo mgonjwa mwenye goti bovu hupanda ngazi akinung'unika kabla hata hatujasalimiana. Wengi wanaokuja kwangu ni mabeki wa kandanda. Wakishalala kitandani na barafu ya mfukoni ikiwa gotini, huwasimulia habari za beki aliyecheza juu ya barafu yenyewe kwa misimu 20 katika ligi ya NHL ya Amerika ya Kaskazini, akastaafu akiwa na umri wa miaka 42, tena kwa hiari yake mwenyewe. Jina lake ni Nicklas Lidström, raia wa Uswidi. Mchezo wake ni mpira wa magongo wa barafuni, ambao mimi huutazama kwa gharama ya usingizi: wakati wa baridi, mechi inayoanza saa moja jioni kule Detroit huanza saa tisa usiku hapa kwetu, na mara nyingi muadhini hutangulia kuadhini alfajiri kabla mechi haijaisha.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwemo, na wawili kati yao ni mabeki. Mechi ni dakika 60 katika vipindi vitatu, na kinachogombewa si mpira bali ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Wachezaji huingia na kutoka kwa zamu za sekunde 45 hivi, kwa sababu kasi ile haihimiliki kwa muda mrefu. Timu hupanga mabeki sita kwa mechi, wawiliwawili, hivyo kwa hesabu ya kawaida kila mmoja angepata dakika 20. Lidström, katika miaka yake bora, alikuwa akicheza karibu dakika 28 kila mechi, na msimu ulikuwa na mechi 82 kabla ya mtoano kuanza.

Jambo gumu kuliko yote katika kazi ya beki wa barafuni ni kwamba hufanywa kinyumenyume. Mshambuliaji anakuja mbele kwa kasi ya pikipiki ya mjini, naye beki anateleza kurudi nyuma huku akimtazama, akichunga umbali baina yao usiwe mkubwa wala mdogo kupita kiasi. Umbali ukizidi, mshambuliaji anapata nafasi ya kupiga, ukipungua, beki anapitwa. Mwezi uliopita beki mmoja wa timu ya daraja la chini alikuja kwangu na kinena kilichovutika, nikamwonyesha jambo hili kwa vitu vilivyokuwa karibu. Nilichukua mpini wa fagio, nikaweka kopo la kiwi kwenye vigae, kisha nikamwambia alisukume kwa kandambili hadi mlangoni huku mimi nikirudi nyuma. Alijaribu mara nne. Sikumgusa hata mara moja. Nilichofanya ni kuutanguliza mpini chini, kwenye njia ambayo kopo lingepita, na kila aliposogea upande nilisogea naye nusu hatua.

"Sasa dokta, mbona hunikabi?" aliniuliza, akiwa amekwisha kubanwa ukutani.

Hivyo ndivyo Lidström alivyokuwa akifanya. Katika mechi 1,564 za msimu wa kawaida alipewa dakika 514 tu za adhabu, na kwa kuwa kosa dogo katika mchezo huu humtoa mtu nje kwa dakika mbili, hiyo ni sawa na kosa moja takriban kila mechi sita. Kwa mtu ambaye kila siku alipangiwa kuwazuia washambuliaji wakali kuliko wote, sijui hesabu nyingine inayomweleza vizuri zaidi.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1970, akakulia Avesta, na akaanza kucheza ngazi ya juu katika klabu ya Västerås. Mwaka 1989 Detroit Red Wings walimchagua akiwa wa 53 katika orodha ya vijana wa mwaka ule, yaani vijana 52 walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kabla yake. Hakukimbilia Marekani. Alibaki kwao misimu miwili zaidi, akatwaa ubingwa wa dunia na Uswidi mwaka 1991, ndipo akavuka bahari, na katika msimu wake wa kwanza alichangia pointi 60, magoli na pasi za magoli zikijumlishwa.

Mwaka 1997 ndio ninaoupenda kuusimulia. Detroit walifika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ambalo hawakuwa wamelitwaa tangu 1955, na waliokuwa mbele yao ni Philadelphia wa Eric Lindros, jitu la mita 1.93 na zaidi ya kilo 100, lililokuwa likiwatupa mabeki pembeni kama magunia. Detroit walikuwa na Vladimir Konstantinov, beki mgumu aliyeogopwa ligi nzima, na kila mtu alitegemea kwamba ndiye atakayekabidhiwa Lindros. Kocha Scotty Bowman akaamua vingine. Aliwapa kazi hiyo Lidström na Larry Murphy, watu wawili wasiopenda vurugu, kwa hoja kwamba mwenye nguvu kama zile anataka mtu wa kugongana naye, na asipompata, nguvu zake hazina pa kwenda. Mabeki hao wawili walikuwa wakifika kwenye kisahani mapema na kukiondoa kabla jitu halijafika. Detroit walishinda mechi nne mfululizo, na Lindros alipata goli moja tu, mwishoni kabisa mwa mechi ya nne.

Siku sita baada ya ushindi huo gari lililowabeba baadhi yao kutoka kwenye sherehe lilipata ajali. Ndani yake alikuwemo Konstantinov, na alikuwemo pia mchuaji misuli wa timu, Sergei Mnatsakanov, mtu wa fani jirani na yangu. Wote wawili waliumia vibaya vichwani na hawakurudi tena kazini. Kila ninaposoma habari za timu ile, huyo wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu jina lake halimo katika takwimu za mtu yeyote.

Beki huiva kwa kuchelewa. Tuzo ya Norris, ambayo hupewa beki bora wa ligi, Lidström aliikosa kwa kushika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, akaipata kwa mara ya kwanza mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 31, kisha akaipata mara sita nyingine, ya mwisho mwaka 2011, alipokuwa na miaka 41. Mwaka 2002 Detroit walikuwa wamepoteza mechi mbili za kwanza dhidi ya Vancouver katika raundi ya kwanza ya mtoano. Katika mechi ya tatu yeye alipiga kisahani kutoka katikati ya uwanja, mpigo ambao wachezaji wengi huupiga ili tu waende kupumzika, nao ukampita kipa. Detroit wakashinda mechi nne mfululizo, hatimaye wakatwaa kombe, na yeye akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kutajwa kuwa bora wa mtoano mzima. Yapo mengine, likiwemo goli lililoipa Uswidi dhahabu ya Olimpiki mwaka 2006 dhidi ya Ufini, lililofungwa sekunde 10 tu baada ya kipindi cha tatu kuanza, na kombe la 2008 alilolipokea akiwa nahodha.

Swali linalonihusu mimi kitaalamu ni jinsi mwili wake ulivyodumu. Bobby Orr, Mkanada ambaye wengi humhesabu kuwa beki bora wa nyakati zote, alitwaa Norris mara nane mfululizo, lakini aliishia mechi 657 na kuacha mchezo akiwa na miaka 30, goti lake la kushoto likiwa limepasuliwa mara nyingi mno. Orr alikuwa akipenya katikati ya watu kwa kasi na kugongwa akiwa amegeuka, na upasuaji wa zama zake haukuwa huu tulio nao leo. Lidström alikuwa daima anatazamana na hatari. Anayeiona kasi ikija hukunja goti na kuipokea kwa misuli. Asiyeiona huipokea kwa kano.

Kuteleza kwenyewe kuna madhara yake, hasa kwenye kinena, kwa sababu kila msukumo wa mguu kwenda nje lazima uzuiwe na misuli ya ndani ya paja. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu wachezaji wa timu moja ya NHL ulionyesha kwamba ambaye nguvu ya misuli ya ndani ilikuwa chini ya asilimia 80 ya nguvu ya misuli ya nje alikuwa katika hatari mara 17 zaidi ya kuchanika kinena. Tangu niusome, nimekuwa nikiwapima mabeki wangu wa kandanda kwa kipimo hichohicho, na nakiri kwamba kabla ya hapo nilikuwa nikiwanyoosha tu misuli bila kuiimarisha, kosa ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu msimu mzima nilipokuwa kijana nikicheza kwenye uwanja wa vumbi Tandika.

Nikiulizwa kama mchezo huu una Mwafrika, humtaja Rumun Ndur, beki aliyezaliwa Zaria, Nigeria, akafika hadi NHL miaka ya tisini, na huwakumbusha pia kwamba Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, ambako timu ya Ice Lions hufanya mazoezi.

Lidström alitangaza kustaafu tarehe 31 Mei 2012. Bado alikuwa na nafasi katika kikosi chochote, ila alieleza kwamba mazoezi ya kiangazi, yale ya kujiandaa na msimu, hayakuwa tena na ari ileile, na hakutaka kucheza chini ya kiwango alichojiwekea. Katika misimu yake yote 20 Detroit hawakukosa mtoano hata mara moja. Alirudi Västerås na familia yake, na mwaka 2014 jezi yake namba 5 ikapandishwa darini mwa uwanja isivaliwe na mwingine.

Yule kijana wa kinena alirudi Alhamisi iliyofuata. Aliniamkia, akaketi, na kabla sijatoa mkanda wa mazoezi akainama kutazama chini ya meza.

"Shikamoo tena dokta, lile kopo liko wapi? Leo nirudi nyuma mimi."