Msimfungie mlevi ndani mkidhani mnamtibu

Naomba leo tulimalize hili la kumfungia mtu ndani. Kila sikukuu zikipita linarudi vilevile: ndugu wamekaa kikao, wameamua kaka afungiwe chumbani siku saba, apewe uji na maji, na funguo akae nazo baba mdogo. Hoja yao ni kwamba akikaa wiki bila kuonja, mwili utasahau. Hausahau. Kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue, wiki hiyo inaweza kumuua. Na haijalishi alikuwa anakunywa gongo, mbege, ulanzi au bia za baa.

Watu wengi wanajua arosto ya heroini, yale mateso ya kuiacha ghafla, na wanadhani hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Inatesa kweli, lakini ni nadra kumuua mtu aliyekuwa na afya ya kawaida. Ya pombe inaua. Pombe hupooza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujiongezea kasi ili aweze kuamka, kutembea na kuongea. Ukiikata pombe ghafla, breki imeondoka na mguu bado uko kwenye mafuta.

Saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linatoka, anatapika, hakai wala halali. Degedege nyingi hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo, na huyo anayeanguka anaweza kuwa alikuwa anaongea nanyi vizuri dakika tano zilizopita. Kisha kati ya siku ya pili na ya nne huja lile tunaloliogopa zaidi: anaweweseka, hajui yuko wapi, anakung'uta wadudu wasiokuwepo kwenye shuka, joto limepanda, moyo unakwenda mbio. Hapo ndipo familia inapoamua ni mapepo, inamfunga kamba na kuita watu wa maombi. Simzuii mtu kuomba. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Najua mtaniambia fulani wa mtaa wa pili alifungiwa na leo ni mzee wa kanisa. Ni kweli, na ndiyo maana imani hii haifi. Wengi wanaoacha ghafla hutetemeka, hukosa usingizi siku chache, basi. Shida ni kumjua mapema yule ambaye hatapita salama. Aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha safari iliyopita, huyo hatumjaribu nyumbani hata kidogo. Vilevile mwenye umri mkubwa, mwenye ugonjwa mwingine, au anayeanza kutetemeka huku bado ananuka pombe. Nje ya hao tunakadiria tu. Wapo niliodhani watasumbua wakapita salama, na wapo walioanguka ambao hakuna dalili iliyowataja. Kila awamu ya kuacha na kurudia inaweza pia kuifanya inayofuata kuwa kali zaidi, kwa hiyo "mbona mwaka jana tulimfungia na hakufa" si hoja.

Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kawaida ikianza na dozi ya hadi miligramu 40 kwa siku iliyogawanywa mara kadhaa, kisha ikipunguzwa taratibu ndani ya siku 3 hadi 7. Msiende kuinunua duka la dawa. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi, na mwenye ini bovu anahitaji dozi nyingine kabisa. Cha pili ni vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji mkubwa halili chakula cha kutosha na hata anachokula hakisharabiwi vizuri. Akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya thiamini, akiba ndogo aliyobaki nayo inaweza kuisha na ubongo ukaumia: anachanganyikiwa, macho yanachezacheza, anayumba hata bila pombe. Watu hudhani bado amelewa. Kwenye zamu yenye wagonjwa wengi hili husahaulika, kwa hiyo ulizeni kwa heshima: "Daktari, amepata B1?" Hakuna atakayewakasirikia kwa swali hilo, na akikasirika, ulizeni tena.

Hospitali ikiwa mbali na usafiri ni kesho, msimnyime kabisa. Anywe kiasi cha kuzuia kutetemeka tu, ale, asiachwe peke yake, mpaka mfike. Najua linasikika vibaya kutoka kwa mtu wa kazi yangu. Kumpunguzia pombe nyumbani kwa wiki nzima ndiko ninakokushauri kwa kusita: inataka mtu mmoja mtulivu wa kupima na kuandika, na nyumba nyingi zenye mlevi hazina tena mtu mtulivu.

Na pimeni kwa kweli. Tangu viroba, yaani pombe kali za pakiti, vipigwe marufuku Tanzania Machi 1, 2017, nasikia sana "siku hizi anakunywa kachupa kamoja tu." Kichupa cha mililita 250 cha spiriti ya asilimia 40 kina pombe sawa na bia nne za nusu lita za asilimia 5.

Dawa ya siri ya kutia kwenye chai nitaisema kwa ufupi kwa sababu inanikasirisha. Kama ni disulfiramu, akinywa pombe juu yake uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inaweza kuporomoka. Mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Nguvu yake hubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Ni dawa halali, kwa mtu anayejua anaimeza na aliyekubali. Kama si disulfiramu, basi hamjui mnampa nini.

Ila familia si watazamaji. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan walichapisha utafiti wa ndugu 130 wa wanywaji waliokataa tiba, huko New Mexico, Marekani. Ndugu waliofundishwa namna ya kuishi na mnywaji waliwafikisha asilimia 64 kwenye tiba. Kikao cha kumshtukiza na kumbana kilifikisha asilimia 30. Walichofundishwa si kigumu kukieleza, ni kigumu kukitenda. Akiwa hajalewa, keti naye, kula naye, mtanie. Akilewa, ondoka bila matusi. Usimuadhibu, lakini pia usimburudishe. Acha kumlipia deni la kilabuni. Acha kumpigia bosi wake kusema ana malaria. Wenye kosa hili mara nyingi ni mama na wake, na wanalifanya kwa upendo, nami siwalaumu, lakini mshahara unaookolewa kwa uongo ndio unaonunua pombe ya wiki ijayo. Ukitaka kuzungumza naye, subiri asubuhi akishatulia mtetemeko na kabla hajalewa, useme jambo moja tu, na gari liwe tayari akisema ndiyo. Ndiyo hiyo haikai mpaka jioni. Kama anapiga, yote haya yasubiri: wewe na watoto tokeni kwanza.

Atakapokubali, msianze na shehena ya malalamiko mbele ya daktari. Andikeni kwenye karatasi: alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, aina gani, kiasi gani kwa siku, amewahi kuanguka degedege au kuweweseka, ana kisukari, presha, kifafa au VVU, na dawa zote anazomeza, zikiwemo za kienyeji. Walio Kenya wanaweza kupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kuuliza pa kuanzia. Tanzania anzeni hospitali ya wilaya, na kama tayari anaweweseka au ameanguka, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni idara ya dharura usiku huohuo, alazwe ubavu njiani, na kitu chochote kisitiwe mdomoni.